Jimbo Lisilogeuza Saa

Bi Zuwena amefariki Unguja siku ya Jumanne, na habari hizo zimenikuta Guangzhou, nikiwa nimesimama ndani ya treni ya chini ya ardhi kuelekea kwenye maonyesho ya Pazhou kumtafsiria mnunuzi wa vigae. Ujumbe uliingia katika kundi la simu la Watanzania wa hapa, na chini yake watu wakaanza kuandika yale yanayoandikwa siku kama hizo: Inna lillahi, Mungu amrehemu, mama yetu sote. Nami nikataka kuandika. Niliandika "alinilea", nikafuta. Niliandika "nilimkosea", nikafuta hilo pia, kwa kuwa wengi katika kundi lile hawajui nililolitenda, na wachache wanaojua wamekuwa waungwana kwa miaka kumi wasinikumbushe. Mwishowe niliandika "Amin" tu, nikashuka kituo ambacho si changu, nikaketi kwenye benchi la chuma hadi treni tatu zikapita. Nina miaka thelathini na minne. Ninayoyaeleza hapa yalitokea nilipokuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwaka niliokaa nyumbani kwake. Nimeyasimulia moyoni mara nyingi, na kila mara nilijikuta nikiyasimulia kama wakili wangu mwenyewe. Safari hii nataka kujaribu kuyasema bila wakili.

Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya saba, katika jengo ambalo ngazi zake zilinuka dawa ya mbu na mafuta ya ufuta. Alikuwa amepanga vyumba vitatu: kimoja chake, kimoja changu, na kile kikubwa ambacho meza ndefu ilikijaza hata mtu akitaka kupita lazima aombe radhi. Chumba changu kilikuwa chembamba kama korido, na ukuta uliokitenga na korido halisi ulikuwa wa mbao nyembamba. Niliweza kusikia mtu akivua viatu. Bi Zuwena aliishi kwa kupika. Wafanyabiashara wa Unguja, Dar es Salaam na Mombasa waliokuja kununua nguo katika maduka ya jumla ya Zhanqian walikula kwake, na mlo wao mkubwa ulikuwa chai ya Jumamosi asubuhi, kabla ya kutawanyika sokoni. Alipika mbaazi za nazi kwa tui la kopo, na vitumbua kwa unga wa mchele wa Kichina aliousifu kuliko wa nyumbani. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, na alikuwa na tabia ya kumwongezea mtu chai kabla kikombe hakijaisha, hata hakuna aliyejua amekunywa vikombe vingapi.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu kwa heshima zote, nikaja China na imani kwamba elimu ni deni ambalo msomi hulilipa kwa kusema kweli. Kazi niliyoipata ilinichekesha na kunitia aibu kwa pamoja. Ofisi moja ndogo upande wa Haizhu ilitengeneza kalenda, sumaku za kubandika kwenye jokofu na karata kwa ajili ya maduka ya watalii huko Marekani. Mtalii aliyekwenda kuona milima ya Montana au pango la Kentucky alinunua kumbukumbu yake kule, akaibeba nyumbani kwa furaha, asijue kwamba ilitoka kwetu, watu ambao hatukuwahi hata kupita juu ya nchi yake kwa ndege. Kazi yangu ilikuwa kutafuta jambo la kushangaza kuhusu kila mahali na kuliandika kwa Kiingereza kisichozidi mistari miwili. Laoban wangu, yaani mkuu wa ofisi, mama mmoja mkavu wa maneno, alikuwa na kipimo kimoja. Msomaji lazima ainue nyusi. Nikimpelekea jambo lenye "lakini" ndani yake, aliikata ile "lakini" kwa kalamu nyekundu na kunirudishia karatasi. Sikubishana naye. Nilijiambia kwamba kukata si kudanganya.

Ndivyo nilivyoijua Marekani. Nilijua kwamba Alaska kuna mji ambao karibu wakazi wake wote wanaishi katika jengo moja. Nilijua kwamba West Virginia kuna sehemu ambayo simu za mkononi hazishiki, kwa sababu darubini kubwa ya hapo inasikiliza anga na haitaki kelele. Nilijua kwamba bendera ya Ohio ndiyo pekee kati ya za majimbo isiyo na pembe nne. Mambo hayo niliyapeleka mezani kila Jumamosi, yakawa sehemu ya chai. Wanjohi, Mkenya wa Nairobi aliyenunua vifuniko vya simu na aliyekula kwetu ingawa kanisa lake lilikuwa na mlo wake, ndiye aliyekuwa akianza. "Msomi, toa ya leo," angesema. "Na isiwe ya bendera tena, bendera haishibishi." Nikatoa ya daraja la London, lile la zamani, lililofumuliwa na kusafirishwa jiwe kwa jiwe hadi Arizona, likasimamishwa tena jangwani. Wanjohi akaweka kijiko chini. Alisema kwamba yeye hushindwa kupitisha katoni mbili bandarini Mombasa, na kuna mtu amepitisha daraja.

Arizona ilikuwa na nafasi yake ya pekee mezani pale, kwa kuwa ndiko alikokuwa Nassor, mtoto wa pekee wa Bi Zuwena. Alifanya kazi katika hoteli karibu na Korongo Kuu, na kila Jumamosi saa tatu kamili asubuhi, ambayo kwake ilikuwa Ijumaa jioni, alimpigia mama yake. Robo saa, haizidi. Simu ile tuliizoea kama tulivyozoea chai. Bi Zuwena alifuta mikono, akaipokea hapo hapo mezani, na kabla ya kukata alimpa Bwana Haroub, aliyeketi daima upande wa dirisha, naye akasalimiana na Nassor kwa maneno machache ya adabu. Bwana Haroub alikuwa mnunuzi wa nguo kutoka Unguja, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi hata safarini, na Nassor alikuwa amemposa binti yake, Thuwaiba. Posa ilikuwa imekubaliwa. Ilisubiriwa tu Nassor arudi mwaka unaofuata. Kila mtu mezani alijua kwamba Bi Zuwena, mjane aliyepika katika nchi ya watu kwa miaka mingi, alikuwa akiishi kwa ajili ya harusi ile. Vitambaa vya bi harusi alikwisha kuvinunua, akavihifadhi chini ya kitanda chake ndani ya mifuko ya nailoni.

Jioni moja ya mwezi wa sita alinifuata jikoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaniuliza kama nilikuwa na mengine ya Arizona. "Nipe mambo madogo madogo, mwanangu," alisema. "Watu wananiuliza, nami mtoto wangu si msemaji." Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilimletea kijiji kilicho chini kabisa ya korongo, ambako barua hufikishwa kwa migongo ya mabaghala, wale wanyama wanaozaliwa na punda na farasi. Nilimletea theluji ya mji wa Flagstaff, ambayo hakuna anayeitarajia katika jimbo la jangwa. Jumamosi iliyofuata nilimsikia akiyasimulia kwa Bwana Haroub kana kwamba Nassor ndiye aliyemwandikia: theluji imemshangaza, mabaghala amewaona kwa macho yake. Niliinama nikanywa chai. Niliona kwamba ananitumia, na ninakiri leo kwamba kilichoniuma hakikuwa uongo wenyewe. Kilichoniuma ni kwamba kazi ilikuwa yangu na sifa zilikwenda kwa mwingine.

Kisha ukaja mwezi wa kumi na moja. Jumamosi ya kwanza saa tatu ikafika, simu haikulia. Bi Zuwena alizunguka meza na birika mara mbili. Ililia saa nne kamili. Wengine hawakujali, lakini mimi nilikwenda chumbani nikaufungua ukurasa wa kalenda nilioutengeneza wiki chache nyuma, na hapo palikuwa na mistari yangu miwili: Arizona haigeuzi saa. Majimbo mengine ya Marekani yanapoingia majira ya baridi hurudisha saa nyuma; Arizona hukaa palepale. China nayo haigeuzi. Basi kati ya Arizona na Guangzhou hakuna kitu cha kusogea mwaka mzima, na simu ya saa tatu ingebaki ya saa tatu. Niliketi kitandani nikiwa na furaha ambayo leo naionea haya. Ningeweza kumwendea jikoni jioni ile. Ningeweza kumwendea siku yoyote kati ya saba zilizofuata. Sikwenda. Nilijiambia kwamba sina ushahidi wa kutosha, kwamba mtu mwadilifu hathibitishi jambo kwa mara moja, nikasubiri Jumamosi ya pili.

Jumamosi ya pili simu ikalia saa nne tena. Mezani walikuwapo Bwana Haroub, Wanjohi, na vijana wawili wa Mombasa waliokuwa wakila kwetu kwa mara ya kwanza. Bi Zuwena alizungumza, akampa Bwana Haroub, akaipokea tena, akakata. Bwana Haroub akauliza, bila ubaya wowote, kwa nini siku hizi simu inachelewa, maana dereva wake alikuwa chini akimsubiri. Bi Zuwena akajibu akimimina chai. "Marekani wamegeuza saa, bwana. Wanaingia kwenye baridi."

"Arizona hawageuzi saa," nilisema.

Sentensi hiyo moja ningeweza kuisamehe. Mtu aliyezoea kutoa mambo ya kushangaza hutoa tu, kama anayepiga chafya. Wanjohi hata alicheka, akasema, "Haya, Msomi ameanza." Lakini Bwana Haroub aliweka kikombe chini akaniuliza nina maana gani. Na Bi Zuwena akaniangalia. Hakukunja uso, aliniangalia tu, birika likiwa limesimama hewani juu ya kikombe cha kijana wa Mombasa, na nilielewa kila kitu kilichokuwamo ndani ya jicho lile. Nikaeleza. Nikaeleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayetetea tasnifu. Na nilipofika mwisho, nilisema: "Kwa hiyo Nassor hayuko Arizona."

Kuna jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilipoandika ukurasa ule wa kalenda, nilikuwa nimeongeza kwamba ndani ya Arizona hiyo hiyo kuna nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili, na wao hugeuza saa kama majimbo mengine. Laoban aliukata mstari huo kwa kalamu nyekundu kwa sababu ulikuwa na "lakini" ndani yake. Nchi hiyo iko jirani na Korongo Kuu. Mtu anayefanya kazi kule angempigia mama yake saa tatu wakati wa joto na saa nne wakati wa baridi, na asingekuwa amemdanganya yeyote. Nililijua hilo nikiwa nimeketi pale. Lilinijia mdomoni. Lingetosha kumwokoa Bi Zuwena, na lilikuwa kweli tupu, kweli ya aina ile ile niliyodai kuipenda. Nikalimeza, kwa kuwa lingeharibu hoja yangu.

Bwana Haroub alimgeukia Bi Zuwena. "Zuwena, mtoto yuko wapi?"

"Yuko mahali salama."

"Mahali salama hapana jina?"

Bi Zuwena alilishusha birika. Wanjohi aliwaambia vijana wa Mombasa kwamba wakati wa soko umefika, akawasukuma mlangoni na vitumbua vyao mkononi. Bwana Haroub akanawa mikono, akatoka koridoni, na Bi Zuwena akamfuata. Nilikimbilia chumbani kwangu ili nisisikie, na huko ndiko nilikosikia vizuri zaidi. Nassor aliondoka Arizona tangu mwaka uliotangulia. Pombe ilimwingia, kisha vidonge, kazi ikampotea. Sasa alikuwa Ohio, katika nyumba ya kuwasaidia watu kuacha ulevi, alikoingia kwa hiari yake, na huko walimpa simu mara moja tu kwa juma, Ijumaa usiku, robo saa. Ilibaki miezi minne amalize. Bi Zuwena aliyasema haya kwa sauti yake ndogo, bila kulia. Kisha nikamsikia Bwana Haroub akipumua.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Mie nani kwako? Ningengoja. Wallahi ningengoja miezi minne, na minne mingine. Sasa nimeambiwa mezani, na mtoto wa watu, mbele ya wageni. Leo alasiri Zhanqian nzima itajua, na kesho Unguja. Nitamweka wapi binti yangu?"

Kabla juma halijaisha, posa ilikwisha kuvunjwa. Siku hizo nilijitetea kwa hoja moja ambayo niliiona ngumu kama jiwe: Thuwaiba. Nilisema moyoni, na nilimwambia Wanjohi tulipokutana ngazini, kwamba binti yule alikuwa na haki ya kujua anaolewa na nani, kwamba wazee walikuwa wakimfungia macho, na kwamba mwanamke msomi kama mimi hawezi kukaa kimya mbele ya jambo kama hilo. Wanjohi alinisikiliza hadi mwisho, akiwa amebeba katoni begani. Akaniuliza kama nimewahi kuzungumza na huyo dada. Nikasema hapana. "Sawa," akasema, akaendelea kupanda.

Thuwaiba mwenyewe alinitafuta siku ya Alhamisi. Alifanya kazi katika duka la dawa mjini Unguja, na ujumbe wake wa sauti ulikuwa na kelele za wateja nyuma yake. Hakunitukana. Alianza kwa kuniuliza hali, akaniita dada. Alisema kwamba Nassor alimwambia kila kitu siku aliyoingia katika nyumba ile. Kwamba wao wawili ndio walioamua kusubiri. Kwamba Bi Zuwena alijua kwamba yeye anajua, na kwamba aliyefichwa alikuwa baba peke yake, ili atakapoambiwa aambiwe na Nassor mwenyewe, akiwa mzima, ana kwa ana. "Nimesikia ulikuwa ukinitetea," alisema. "Namba yangu ilikuwa kwa Bi Zuwena muda wote, dada. Ungeniuliza." Kisha mteja akamwita, akaomba radhi, ujumbe ukaisha. Niliusikiliza mara mbili, na hoja yangu ngumu kama jiwe sikuiona tena mahali popote.

Nilimwendea Bi Zuwena usiku huo huo kumwomba msamaha, na sikufika mbali. Alikuwa akiloweka mbaazi za Jumamosi. Alinisikiliza akichagua vijiwe, akasema amesikia, akaniuliza kama nimekula. Asubuhi yake nilikuta kifungua kinywa changu mezani kama kawaida, kikiwa kimefunikwa kwa sahani. Sijui kama ulikuwa msamaha au adhabu, nilikula. Alichotaka kwangu alinitajia Jumamosi, meza ikiwa imetandikwa vikombe vyote na mtu hata mmoja hajaja. Bwana Haroub hakuja, na waliomheshimu Bwana Haroub hawakuja, na Wanjohi alikuwa amekwenda Foshan kiwandani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Bi Zuwena aliketi mbele yangu, akaniambia kwamba Nassor hajajulishwa kuvunjwa kwa posa. Thuwaiba na yeye mama mtu wamekubaliana asijulishwe kabla ya kumaliza, kwa kuwa akijua atatoka siku hiyo hiyo, na akitoka hatarudi tena kwenye uzima. Yeye mwenyewe hawezi kuzungumza naye leo. Amejaribu kusema salamu za kawaida mbele ya kioo tangu alfajiri na sauti inamkatika. "Wewe unajua kusema, mwanangu," aliniambia. "Mwambie niko sokoni. Mwambie mambo yako sawa yote."

Simu ililia. Nikaipokea. Sauti ya Nassor ilikuwa ndogo kama ya mama yake, na nilishangaa kwa jinsi ilivyokuwa changa. Nilijitambulisha, akacheka, akasema kumbe ndiye mimi, mama humsomea mambo yangu kila wiki ili asije akakosea mbele ya mkwe. Nikamwambia mama amekwenda sokoni. Akauliza kama anaumwa. Nikasema hapana, ni mzima kabisa, leo wageni ni wengi na maziwa yamekwisha. Maneno yalinitoka kwa ulaini ulionitisha, moja likivuta jingine.

"Na Bwana Haroub?" aliuliza. "Yupo?"

Nilitazama kiti cha dirishani. Nikasema yupo, anazungumza na watu, ameshughulika kidogo na hesabu zake, ila anakusalimia sana. Nassor alisema pamekuwa kimya sana leo, hasikii meza.

Bi Zuwena aliyasikia maneno hayo kutoka pale alipokuwa. Aliinuka bila kuniangalia, akachukua kijiko, akaenda kwenye kikombe cha kwanza akakoroga. Kikombe kilikuwa kikavu, na kijiko kiligonga udongo kwa sauti kali. Akaenda cha pili, akaenda cha tatu, akasogeza kiti, akagonga sahani juu ya sahani, akakohoa kwa sauti nene isiyokuwa yake. Alizunguka meza nzima namna hiyo, mwanamke mnene peke yake, machozi yakimshuka bila kuyafuta kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Nami nilisogeza simu karibu na vikombe, nikamwambia mwanawe, "Unawasikia? Wamejaa."

"Nawasikia," alisema Nassor, na nikasikia kwamba anatabasamu. "Haya, nipe jambo moja la Arizona, nilale nalo."